Kutoka Bati la Kyerwa hadi Kituo cha Data: Ulinganisho wa Kihistoria wa Mifumo ya Hifadhi ya Flashi Ukitazamwa kutoka Rubwera

Ikisiri

Insha hii inalinganisha mifumo ya hifadhi ya flashi iliyoingia katika vituo vya data vya biashara na taasisi tangu mwaka 2008, na inautazama ulinganisho huo kutoka Rubwera, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Hoja yake ni kwamba vipimo vilivyozoeleka, yaani kasi, bei na uimara, vilitungwa na watu wanaokaa karibu na mashine. Kwa mtumiaji aliye mbali, mpangilio wa umuhimu wa vipimo hivyo hubadilika. Aidha, kipo kipimo ambacho hakikuingizwa kabisa katika majedwali ya wauzaji, nacho ni madini yanayoishikiza mashine yenyewe. Kyerwa inahusika na hifadhi ya flashi katika ncha zote mbili za mnyororo: ardhi yake hutoa bati, na ofisi zake huandika kumbukumbu katika seva zilizo mamia ya kilomita kutoka wilayani.

Utangulizi

Wilaya ya Kyerwa ilizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Wilaya ya Karagwe. Katika maandishi mengi eneo hili hutajwa kwa kahawa ya robusta, ndizi, na mpaka wake na Uganda na Rwanda. Ni nadra kutajwa katika historia ya teknolojia ya habari, na kwa hesabu ya mitambo iliyosimikwa hapo nadra hiyo inaeleweka. Hata hivyo, historia ya mashine haiishii pale mashine inapowekwa. Huanza pale malighafi yake inapochimbwa, na hufika mpaka kwenye meza ya mtu wa mwisho anayesubiri jibu lake kwenye skrini.

Katika eneo hili chuma na kumbukumbu vimewahi kukaa pamoja kwa namna nyingine. Hazina ya watawala wa Karagwe iliyokuwa Bweranyange, alikokaa Rumanyika aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, ilikuwa na vitu vya chuma vilivyobeba uhalali wa utawala, zikiwemo sanamu za ng'ombe. Jambo hilo halithibitishi chochote kuhusu flashi, ila linatosha kumtahadharisha mtafiti asidhani kwamba wazo la kuweka kumbukumbu ndani ya metali lilikuja Kagera na umeme.

Bati kabla ya flashi

Miamba ya eneo hili imeipatia jiolojia ya Afrika Mashariki moja ya majina yake mashuhuri, ukanda wa Karagwe-Ankole, unaopita Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Ndani yake madini ya bati hupatikana kama kasiteriti, katika mishipa ya kwatzi na katika mchanga uliochukuliwa na maji. Uchimbaji wa kibiashara upande wa Karagwe ulianza katika miaka ya 1920 chini ya utawala wa Mwingereza, na jina la Kyerwa likaingia katika kumbukumbu za madini za Tanganyika kupitia kampuni ya Kyerwa Syndicate. Ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Ankole, migodi kama Mwirasandu ilifanya kazi ya aina hiyohiyo. Umeme nao uliifuata biashara hiyo. Pale Kikagati, mkabala na Murongo, kilijengwa kituo kidogo cha nguvu za maji kwa ajili ya migodi ya bati. Kikaharibika wakati wa Vita vya Kagera, na eneo hilo likakaa miongo kadhaa kabla ya kupata kituo kipya cha takriban megawati 14, ambacho umeme wake hugawanywa kati ya nchi hizo mbili.

Bati la wakati ule lilikwenda zaidi kwenye makopo ya vyakula na kwenye lehemu ya mabomba. Soko lake lilisimamiwa kwa mikataba ya kimataifa hadi Oktoba 1985, pale Baraza la Kimataifa la Bati lilipoishiwa fedha za kununua akiba ya kuzuia bei isishuke. Biashara ya bati katika Soko la Metali la London ilisimamishwa, nayo haikurejea hadi mwaka 1989. Bei iliporomoka, na migodi mingi midogo duniani ikabaki mashimo. Kwa Karagwe maana yake ilikuwa kwamba kazi ilibaki mikononi mwa wachimbaji wadogo wenye sururu na karai, waliouza kwa yeyote aliyefika na mizani. Hali hiyo ndiyo iliyokuwapo wakati matumizi mapya ya bati yalipoanza kukua kimyakimya katika viwanda vya elektroniki.

Kuzaliwa kwa flashi na njia tatu za kuijenga

Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani, ambaye mwaka 1984 aliwasilisha aina ya kwanza na mwaka 1987 akawasilisha ile iitwayo NAND, ambayo ndiyo msingi wa hifadhi kubwa za leo. Kwa zaidi ya miaka ishirini teknolojia hiyo ilitumika zaidi kwenye kamera, simu na vifaa vidogo. Vituo vya data viliendelea kutegemea diski za kuzunguka, zilizotokana na mashine ya IBM ya mwaka 1956 yenye sahani 50 na uwezo wa herufi milioni 5. Mabadiliko yalikuja Januari 2008, pale EMC ilipotangaza kuweka viendeshi vya flashi ndani ya mfumo wake wa Symmetrix.

Tangu hapo zilijitokeza njia tatu, na ulinganisho wowote wa haki lazima uzitenganishe. Njia ya kwanza ilikuwa kuichomeka flashi mahali palipokuwa na diski, ndani ya mfumo uleule wa zamani. Hivyo ndivyo walivyofanya EMC kwa Symmetrix, NetApp kwa mifumo yake ya FAS, na HP baada ya kuinunua 3PAR mwaka 2010. Faida yake ni kwamba mteja hakubadilisha taratibu za kunakili na kurejesha data alizokwisha kuzizoea. Hasara yake ni kwamba programu iliyoandikwa kwa kuizingatia sahani inayozunguka haikujua namna ya kuitunza flashi, ambayo huchakaa kila inapofutwa na kuandikwa upya.

Njia ya pili ilikuwa kujenga bodi maalumu tangu mwanzo. Texas Memory Systems ya Houston, iliyoanzishwa mwaka 1978, na Violin Memory walichukua chipu zenyewe na kuzipanga juu ya bodi zao, bila kupitia umbo la kiendeshi cha kawaida. Mashine hizo ziliongoza kwa kasi. IBM iliinunua Texas Memory Systems mwaka 2012 na kuuita uzao wake FlashSystem. Violin, iliyobaki peke yake, iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi Desemba 2016. Kasi peke yake haikutosha kuiweka kampuni hai.

Njia ya tatu ilikuwa ya Pure Storage, iliyoanzishwa mwaka 2009, na XtremIO ya Israeli, iliyoanzishwa mwaka huohuo na kununuliwa na EMC mwaka 2012. Hawa walitumia viendeshi vya kawaida vya flashi, lakini wakaandika programu mpya iliyolenga flashi tu. Kiini cha programu hiyo kilikuwa kutoandika kitu kilekile mara mbili: kipande cha data kikilingana na kingine kilichokwisha kuhifadhiwa, mfumo huweka alama ya kuelekeza badala ya nakala nyingine. Kwa njia hiyo bei ya flashi, iliyokuwa juu mno kuliko ya diski kwa ujazo uleule, ilipungua kwa hesabu ya ujazo unaotumika.

Hapa ndipo takwimu za wauzaji zinapostahili kushukiwa. Ujazo unaotangazwa kwa kudhani kwamba data itabanwa mara nne au tano hutegemea data yenyewe. Nakala mia moja za seva zinazofanana hubanwa vizuri. Picha zilizokwisha kubanwa na data zilizofichwa kwa msimbo hazibanwi karibu hata kidogo. Taasisi inayohifadhi zaidi nyaraka zilizopigwa picha, kama ilivyo kwa nyingi za umma, ikinunua kwa kufuata hesabu ya benki yenye seva za mfano mmoja, itaishiwa nafasi mapema.

Tofauti nyingine ilionekana wakati wa matengenezo. Mwaka 2014 toleo la 3.0 la programu ya XtremIO lilihitaji data yote iondolewe kwenye mashine kabla ya kusimikwa, kwa kuwa mpangilio wa ndani ulibadilika. Pure Storage ililitumia jambo hilo katika ushindani, ikisisitiza kwamba mashine yake huboreshwa ikiwa inafanya kazi. Kwa benki yenye vituo viwili vya data, usumbufu huo ulikuwa wa wikiendi moja. Kwa taasisi yenye mashine moja na isiyo na mahali pa kuihamishia data, huo ulikuwa mlango uliofungwa. Tofauti ya namna hii ina uzito kuliko tofauti ya maikrosekunde kadhaa, ingawa maikrosekunde ndizo zilizochapishwa kwa herufi kubwa.

Kuhusu uchakavu, historia imeenda kinyume na hofu ya awali. Chipu za mwanzo, zilizohifadhi biti moja katika kila seli, zilivumilia kufutwa takriban mara 100,000. Zilizofuata, za biti mbili na tatu, zilishuka hadi maelfu machache. Wengi walitabiri kwamba flashi haitafaa kwa kazi nzito. Kilichookoa hali ni programu zinazosambaza uchakavu sawasawa, na mbinu ya kupanga seli ghorofa juu ya ghorofa, ambayo Samsung ilianza kuizalisha mwaka 2013 kwa tabaka 24, hivyo seli hazikulazimika kupunguzwa ukubwa tena na tena.

Lehemu

Diski ya kuzunguka huhifadhi data katika utando wa sumaku juu ya sahani. Bodi yake ya elektroniki ni ndogo na chipu zake ni chache. Flashi huhifadhi kila kitu ndani ya chipu, na kila kifurushi cha chipu za NAND hukalia bodi kwa vitone vya lehemu ambavyo, katika vifurushi vilivyozoeleka, ni 132 au 152. Kiendeshi kimoja huwa na vifurushi kadhaa, mfumo mmoja huwa na viendeshi kadhaa. Hivyo, kuhama kutoka diski kwenda flashi kulikuwa pia kuhama kutoka sahani kwenda vitone vya bati.

Mabadiliko hayo yalikutana na mengine ya kisheria. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vya elektroniki, na viwanda vingi vikahamia mchanganyiko wenye bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Lakini seva na mifumo ya hifadhi ya data ilipewa msamaha wa kuendelea kutumia lehemu ya risasi kwa muda. Sababu ilikuwa ya uimara: bati lisilo na risasi linaweza kuota nyuzi nyembamba mithili ya nywele, zinazovuka kutoka mguu mmoja wa chipu hadi mwingine na kusababisha shoti. Simu ikifa kwa sababu hiyo, mtu mmoja hupoteza simu. Mfumo wa hifadhi ukifa, taasisi nzima husimama. Kwa hiyo vifaa vya nyumbani ndivyo vilivyotangulia kuongeza mahitaji ya bati, na vituo vya data vikafuata nyuma, wakati uleule flashi ilipokuwa ikiingia. Leo takriban nusu ya bati linalotumika duniani huenda kwenye lehemu.

Haiwezekani kuionesha punje ya kasiteriti ya Kyerwa ndani ya bodi fulani. Madini ya sehemu nyingi huchanganywa katika tanuri la kuyeyushia, na baada ya hapo bati ni bati. Kutowezekana huko ni sehemu muhimu ya historia inayosimuliwa hapa, kwa sababu ndiko kulikozaa sheria itakayojadiliwa baadaye.

Umbali na kasi

Ncha ya pili ya mnyororo ni ofisi. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilisimika kompyuta ya kwanza ya serikali. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta, uingizaji wa mashine hizo nchini ulizuiwa. Kutoka katika historia hiyo ilibaki tabia ya kuweka hesabu katikati. Mifumo ya sasa ya serikali za mitaa imeendeleza tabia hiyo kwa njia mpya: FFARS, iliyozinduliwa mwaka 2017 kwa ajili ya hesabu za zahanati na shule, MUSE kwa malipo ya serikali, na TAUSI kwa mapato ya halmashauri. Mhasibu wa Rubwera haandiki katika mashine iliyo chumba cha pili. Huandika katika seva zilizo mbali, na jibu humrudia kwa njia ya mkongo.

Hapo ulinganisho wa kasi hupata sura nyingine. Diski ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde 5 hadi 10. Mfumo wa flashi hujibu chini ya milisekunde moja. Nuru ndani ya uzi wa mkongo huchukua takriban maikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Kutoka Rubwera hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,100, na kwa njia halisi ya mkongo ni zaidi ya hapo. Kwenda na kurudi, hata kama vifaa vya njiani havichelewesha chochote, ni milisekunde 11 au zaidi. Kwa mtumiaji mmoja anayeomba rekodi moja, umbali umekwisha kula zaidi ya kile ambacho flashi imeokoa.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba flashi haina maana kwa Rubwera. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na zote hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Siku za mwisho za mwezi huo maombi hayafiki moja moja. Hufika kwa pamoja na kupanga foleni. Diski ya kasi ya mizunguko 15,000 kwa dakika huhudumia takriban maombi 200 kwa sekunde. Ili kuhudumia maombi 200,000 zingehitajika diski 1,000, pamoja na umeme na ubaridi wake, kazi ambayo mfumo mmoja wa flashi wa kadiri ya kati huimudu. Anayeumia foleni ikirefuka ni yule aliye mbali, ambaye kikao chake hukatika kwa kusubiri na kulazimika kuanza upya. Kwa hiyo flashi humfaa mtu wa Rubwera katika siku za msongamano, si katika siku za kawaida, na kipimo cha kuzingatiwa ni uthabiti wa muda wa kujibu wakati wa mzigo mkubwa. Katika kipimo hicho mifumo ya njia ya pili na ya tatu ilitangulia ile ya njia ya kwanza, hasa katika miaka ya 2012 hadi 2015.

Umeme ni suala jingine. Mkoa wa Kagera kwa muda mrefu ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Njia hiyo ikikatika, mfumo wa hifadhi ulio kituoni huendelea kufanya kazi kwa jenereta na betri zake bila kupoteza hata herufi moja, na ofisi ya Rubwera haiufikii. Mashine inayotangazwa kupatikana kwa asilimia 99.999 hupimwa mlangoni mwa kituo cha data. Hakuna muuzaji aliyeipima kwenye meza ya mhasibu wa wilaya.

Sheria ya 2010 na jina la mgodi

Tarehe 21 Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zilizosajiliwa katika masoko yake ya hisa kueleza kama bati, tantalamu, tungsteni au dhahabu iliyomo katika bidhaa zao imetoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au nchi inayopakana nayo. Lengo lilikuwa kuyanyima mapato makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Tanzania inapakana na Kongo katika Ziwa Tanganyika, kwa hiyo bati la Kyerwa, ambako hakukuwa na kundi lolote la namna hiyo, liliingia katika orodha moja na la Kivu.

Desemba 15 ya mwaka huohuo wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Lusaka na kukubali utaratibu wa cheti cha pamoja cha madini. Rwanda ilianza kutoa cheti hicho mwaka 2013. Tanzania ilikuja miaka kadhaa baadaye. Katika kipindi hicho mchimbaji mdogo wa Kyerwa alikuwa na madini halali asiyoweza kuyauza kihalali kwa wanunuzi wanaodai cheti, huku ng'ambo ya mpaka ulio karibu kukiwa na mfumo unaokubalika. Magendo hayakuhitaji maelezo zaidi ya hayo. Kuanzia mwaka 2019 serikali ilianzisha masoko ya madini nchini, na Kyerwa ikapata la bati.

Ripoti za kwanza za kifungu cha 1502 ziliwasilishwa Juni 2014, miaka ileile ambayo mifumo ya flashi ilikuwa ikishindana kwa ukali zaidi. HP, IBM, EMC na NetApp, majina yaleyale ya majedwali ya kasi, yaliwasilisha pia orodha za viwanda vya kuyeyusha bati vilivyo katika minyororo yao ya ugavi. Nyaraka hizo mbili hazikusomwa pamoja. Mnunuzi wa kituo cha data alisoma jedwali la maikrosekunde. Ripoti ya madini ilisomwa na wanasheria na mashirika ya kiraia. Kiolezo ambacho wasambazaji hukijaza kwa ajili ya ripoti hizo kina safu ya jina la kiwanda cha kuyeyusha, na hiyo hujazwa. Kina pia safu ya jina la mgodi. Kuijaza hiyo si lazima, na mara nyingi huachwa wazi.